Kipara Hulipa Nusu

"Siku mtakaponikuta mlangoni kwa mwenyekiti naomba anichungie wateja, nikamateni mninyoe kavu, kwa kigae, watu wote wakiona!"

Bi Makasi aliyasema hayo kwenye mkutano wa umoja wa vinyozi, amesimama juu ya benchi maana yeye ni mfupi na ukumbi ulijaa wanaume. Umoja ulikuwa umepitisha bei moja: kila kichwa elfu moja, chenye msitu na chenye uwanja wa ndege. Kwake yeye, tangu aanze kazi, kipara kililipa nusu: mia tano. Mtu analipia nywele alizonazo, husema, si alizokuwa nazo.

Alipoendelea na nusu yake, viongozi wa umoja walimwendea kumnyang'anya kiti cha kunyolea. Akakikalia.

"Kiti nilinunua mimi. Mkasi wangu. Kichwa ni cha mteja, na amekileta kwa miguu yake. Nyie hapa mnamiliki nini?"

Mwenyekiti akaonyesha muhuri wa umoja.

"Huo mmeuchonga wenyewe. Nileteeni sheria inayonibana mimi na wewe sawasawa, nitanyamaza."

Sheria hiyo hawakuwa nayo. Wakaondoka.

Lakini kujigamba ni rahisi ukiwa na foleni. Mwaka uliofuata binti wa mdogo wake, aliyemfundisha mwenyewe kushika wembe, alikodi chumba ng'ambo ya barabara. Akaweka kioo ukuta mzima, mashine ya umeme, na redio isiyojua kuchoka. Kipara: mia nne.

Vipara wakavuka barabara bila hata kuaga. Wiki ya pili kiti cha Bi Makasi kilikuwa cha paka, na kodi ya chumba ilibakiza siku tisa. Akikosa kulipa, kiti kinauzwa.

"Mama mkubwa, umenikasirikia?" aliuliza binti, amekuja kuazima taulo.

"Sana. Taulo liko pale. Na hiyo mashine yako inaacha vinyweleo nyuma ya masikio, naviona toka huku."

Ndipo mwenyekiti akaja, kofia kichwani, karatasi mkononi, meno yote nje.

"Dada yangu, yule mtoto hana cheti chetu. Weka sahihi hapa kwamba anakuharibia kazi. Kesho tunamfungia chumba."

"Si mumfungie tu? Mimi wa nini?"

"Lazima alalamike kinyozi wa mtaa huu, na uko peke yako." Akacheka. "Mkuki kwa nguruwe, eh? Leo umeuonja."

Bi Makasi aliisoma karatasi mara mbili. Akamtazama paka, akatazama kalenda. Sahihi moja tu, na vipara wote wangerudi wameinamisha vichwa. Lakini kalamu aliyonyooshewa ni ileile iliyopitisha bei moja. Leo ingemfungia binti. Kesho ingevuka barabara kumrudia yeye, na safari hiyo hata benchi la kusimamia asingekuwa nalo.

Akamfukuza paka. "Kaa. Mimi huwaza vizuri mikono ikiwa kazini. Vua kofia."

Mwenyekiti akasita, akavua. Kipara safi, nywele chache pembeni kama uzio wa shamba lililokwisha kuuzwa.

Akampaka povu. Kinyozi wa wembe lazima awe na karatasi ya kufutia povu. Wengine hukata magazeti. Bi Makasi alichukua iliyokuwa karibu. Mfuto wa kwanza ulipita juu ya muhuri.

"We! Hiyo si—"

"Usitikisike, baba. Nina wembe."

Alinyoa taratibu, nyuma ya masikio mara mbili. Ng'ambo, binti alikuwa amesimama mlangoni, redio ameipunguza. Kazi ilipokwisha, kwenye karatasi halikusomeka hata neno moja.

"Yule mtoto atakumaliza," mwenyekiti alisema, sauti chini.

"Akinimaliza, amenimaliza kwa kazi. Si kwa kalamu yako."

Mwenyekiti akajipapasa kichwa. Laini kama yai. Akatia mkono mfukoni, uso ameukunja.

"Ngapi?"

"Kipara, mia tatu."