Pikipiki Iliyokunywa Zaidi Kwenye Mteremko

Geji ya mafuta ya pikipiki yangu ilikufa kabla sijainunua. Bwana wa Ipogolo aliyeniuzia alilisema hilo bila aibu. Akapanda juu yake, akaibana kwa mapaja, akaitikisa kushoto na kulia huku ameinamisha kichwa kama anasikiliza mtoto anavyopumua. "Unasikia? Chwa, chwa. Hiyo nusu tanki." Nikaitikisa mwenyewe, nikasikia, nikafurahi kupita kiasi, nikalipa. Nilipanda nayo kwenda Mafinga nikiimba ndani ya helmeti, na kila niliposimama kuchimba dawa niliitikisa tena, si kwa wasiwasi, kwa raha tu.

Mafinga ndiko nilikokuwa nafanya kazi, fundi seremala, milango na fremu za madirisha. Siku hizo niliendesha kwa adabu. Nilibadilisha gia mapema, sikukaza mafuta ovyo, nikiona kona mbele naachia mapema pikipiki ipungue yenyewe. Na yenyewe ilikunywa kwa adabu vilevile. Nikijaza full tanki naenda Iringa kumwona mama, narudi, nafanya mizunguko ya kazi, mpaka nasahau kituo cha mafuta kiko upande gani wa barabara. Karakana nzima niliikera kwa majigambo. "Zenu zinakunywa," niliwaambia. "Yangu inanusa tu."

Basi nikapata kazi ya kutengeneza mlango wa mashine ya kukoboa mpunga Rujewa.

Mlango ulipakiwa kwenye lori, mimi nikatangulia na pikipiki. Pale mashineni kulikuwa na binti aliyekuwa akisimamia foleni ya wateja, amejifunga kitambaa kichwani, pumba zimemjaa hadi kwenye kope. Mimi nilikuwa na vumbi la mbao kichwa kizima. Alinitazama akasema, "Fundi, sisi tunakoboa mpunga, wewe umekoboa nini?" Nilitafuta jibu la maana sikulipata. Nililipata miaka kadhaa baadaye, nikamwambia, akasema nimechelewa.

Kwa bahati mbaya mlango ulikaa sawasawa mara ya kwanza. Ikabidi nibuni sababu za kurudi. Jumamosi iliyofuata nikaenda kukagua bawaba. Jumamosi nyingine nikaenda kukagua kama ule ukaguzi niliufanya vizuri. Ya tatu nikakuta amekaa kizingitini ananisubiri. "Fundi," akaniuliza, "huu mlango unaumwa?"

Toka hapo pikipiki ikaanza ulevi.

Sikuelewa mara moja. Nilijaza Mafinga, nikaenda Rujewa, nikarudi, na kabla sijafika nyumbani ikaanza kukohoa. Nikaipeleka kwa fundi pikipiki. Alifungua filta ya hewa, akaikung'uta, likadondoka vumbi la mbao la kutosha kupikia chai. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akakaza cheni, akajaza upepo kwenye matairi. "Ilikuwa inapumulia kwenye gunia," akanieleza. Nikashukuru. Wiki hiyo mjini ikarudia tabia yake ya kunusa. Jumamosi nikaenda Rujewa, ikalewa upya.

Ndipo nikaamua kuipima. Nilijaza Mafinga mpaka mdomoni, nikajaza tena Rujewa nilipofika, nikajaza tena Mafinga niliporudi, nikatazama pampu ilivyosoma. Nilirudia Jumamosi nyingine nikidhani nimekosea. Majibu yalikuwa yaleyale: kwenda Rujewa ilikunywa zaidi, kurudi ilikunywa kidogo. Sasa, anayeijua barabara ile atashangaa kama nilivyoshangaa. Mafinga iko juu, kwenye baridi na misonobari. Ukishapita Makambako unateremka, unateremka, unavua koti, unavua sweta, mpaka unafika Usangu kwenye majaruba ya mpunga na joto. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima. Pikipiki yangu ilikuwa inakunywa kwenye mteremko na kufunga kula kwenye mlima.

Nikausingizia upepo wa Makambako, ambao ukiukuta siku mbaya unakusukuma kifuani kama mtu mwenye ugomvi nawe. Nikamweleza binti nadharia ya upepo kwa kirefu. Alinisikiliza akitafuna mua.

"Na wakati wa kuja unakimbiaje?" akauliza.

"Kawaida."

"Wakati wa kurudi je?"

Ikabidi nikiri. Wakati wa kuja nilikuwa nalala juu ya tanki, eksileta nimeizungusha mpaka mwisho, naovateki malori ya mbao mawili mawili, nafika kwenye tuta nabana breki halafu naivuta tena pikipiki kwa hasira. Wakati wa kurudi nilikuwa najikongoja. Ng'ombe walinipita. Nilisimama kununua vitunguu nisivyovihitaji. Alicheka mbavu hana, akaniambia niende nikapime moyo wangu, pikipiki niiache.

Nikaenda kutafuta mshenga.

Hapa mambo yalikuwa mazito, na sikuwa nacheka. Kwao binti ni Wasukuma, wazazi waliteremka Usangu na ng'ombe wao wakati yeye bado mdogo. Baba yake alikuwa tayari ana posa nyingine mezani, ya kijana wa huko huko mwenye zizi la maana. Mzee alikuwa amesema atausikiliza na ujumbe wangu, lakini siku moja tu, Jumamosi ile, na mjumbe awe amefika kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Ng'ombe wakiingia bila yeye kumwona mtu, wale wengine wanapewa jibu lao.

Mshenga wangu alikuwa mzee mmoja wa karakana, Mhehe mwenzangu, mnene, anayejua kuongea mpaka misumari inaingia yenyewe. Kasoro yake ni kwamba hajui kuharakishwa. Alikunywa chai. Akatafuta tai. Akatafuta tai nyingine inayofanana na soksi. Halafu akatoka amekumbatia dumu la ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, akasema hawezi kwenda ugenini mikono mitupu. Nilimwambia huko wanakunywa vitu vyao. Akanijibu, "Ndiyo maana wanahitaji kuonja vya kwetu." Akapanda nyuma, dumu akalipakata katikati yetu, pikipiki ikashuka kwa kishindo.

Muda ulikuwa umekwenda, kwa hiyo nilikimbia kuliko Jumamosi zote. Makambako nilipanga kuongeza mafuta, lakini kituoni kulikuwa na foleni. Nikasimama pembeni, nikaibana pikipiki kwa mapaja, nikaitikisa. Chwa, chwa, chwa. Sauti nene, ya tanki lililoshiba.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia, mwanangu. Yamejaa."

Tukaondoka zetu.

Tulishaiacha lami na kuingia njia ya vumbi katikati ya majaruba, nyumba zao zinaonekana kule mbele, pikipiki ilipokohoa. Nikapeleka mkono kwenye swichi ya riziva, yale mafuta ya akiba. Kumbe ilikuwa riziva tangu wiki iliyopita, nilisahau kuirudisha. Ikakohoa mara ya mwisho, ikazima. Kimya. Nikaitikisa: chwa, chwa. Nikashangaa. Nikamwomba mzee ashuke. Akashuka na dumu lake. Nikaitikisa tena, na haikutoa sauti yoyote, imekauka kama kuni.

Tulitazamana. Kisha sote wawili tukalitazama dumu la ulanzi.

"Basi tulikuwa tunasikiliza hii," mzee akasema taratibu.

Nilitaka kulia, na wakati huohuo kicheko kilinibana tumboni, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Tukasukuma. Mzee alisukuma kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na dumu. Haikuchukua muda tukaona mbele yetu pikipiki inakuja polepole sana, polepole mpaka nikadhani na yenyewe inasukumwa. Juu yake alikaa mzee mrefu, kofia pana, mgongo umenyooka. Nilimtambua kwa picha aliyonionyesha binti kwenye simu.

"Baba yake!" nikasema.

Mwenye posa haonekani siku ya posa. Mshenga ndiye anayekwenda, mwenyewe anakaa mbali na kungoja majibu, hiyo hata mtoto anajua. Mpango wetu ulikuwa nimshushe kwenye mti wa mwisho na nigeuze. "Potea!" mshenga akaninong'oneza. Njia nyeupe, jaruba huku, jaruba kule. Nikaruka tuta, nikalala kwenye mpunga na shati langu la pasi.

Nikiwa kifudifudi kwenye maji nilisikia kila kitu.

"Mwadila," sauti ikasema.

"Mwadila, mzee. Kamwene," akajibu mshenga, akichanganya kwao na kwetu.

"Nimeona mgeni anachelewa, nikasema nimpokee njiani. Hii pikipiki ya nani?"

"Yangu."

"Panda basi twende."

Mshenga wangu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nikasikia pikipiki ikitikiswa.

"Imekauka," sauti ikasema. Halafu, sauti bila kupanda wala kushuka: "Yule aliyelala kwenye mpunga yangu mwambie atoke. Inakaribia kuchanua, ataivunja."

Nilisimama. Nilikuwa tope kuanzia kidevuni hadi magotini, na jani la mpunga limening'inia sikioni. Niliishiwa pozi kabisa. Nikasema shikamoo kwa sauti ya kitoto, akaniitikia marahaba kwa upole ulionitisha zaidi kuliko ukali.

"Wewe ndiye wa milango."

"Ndiyo, mzee."

"Mafuta yameishaje? Mafinga vituo vipo, Makambako vipo."

Mshenga akafungua mdomo, nikamwahi. Nilikuwa nimeshavunja mila na mpunga, sikuona cha kuficha. Nikamweleza habari ya kutikisa na ulanzi. Nikamweleza kwamba pikipiki yenyewe ina matatizo, haieleweki, nimebadilisha plagi, nimesafisha filta, lakini bado inakula mafuta mengi kuja huku kuliko kurudi kwetu.

Akasogeza kofia nyuma. "Kuja huku si mteremko?"

"Ni mteremko, mzee."

"Na kurudi ni mlima."

"Ni mlima."

Alinitazama. Akaitazama pikipiki. Midomo ikaanza kumcheza, kisha mabega, kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichorusha ndege kwenye jaruba la pili. Mshenga naye akacheka kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake siku ile. Mimi nilibaki nimesimama na jani langu sikioni, nisijue kama ninaoa au ninafukuzwa.

"Yule mwingine," mzee akasema akijifuta macho, "anakaa hapo ng'ambo ya mfereji, na kila siku anachelewa." Kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Lakini sikia, ng'wana wane, mwanangu. Mimi hii ya kwangu nikijaza wakati wa kupanda, nashangaa mpunga inachanua na mafuta bado yamo. Wewe ukikimbia peke yako, unakunywa mafuta yako. Ukiwa na binti yangu nyuma, nataka inywe kama ya kwangu. Na mimi nitaitikisa mwenyewe."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo hata kwa kunywa lile jaruba.

Alichomoa mpira wa mafuta kwenye pikipiki yake, akanikingia kwenye chupa ya maji. Kidogo tu. Nilipoitazama chupa akasema, "Inakutosha. Wewe kurudi hutumii." Akampakia mshenga na dumu lake, wakaondoka kwa mwendo wake ule wa kuhesabu mimea. Ng'ombe walikuwa bado hawajarudi. Niliwaona kwa mbali, vumbi lao jekundu, na mimi nikakaa juu ya tuta nimelowa, nikicheka peke yangu kama mwehu. Mshenga aliponirudia pale tutani alfajiri alikuwa amebeba dumu tupu, na habari nilizisoma kwenye mwendo wake kabla hajafungua mdomo.

Sasa tunaishi Mbeya, Uyole. Pikipiki imezeeka. Ringi zimechoka, inatoa moshi wa bluu asubuhi, na inakunywa mafuta hata tukiwa tumesimama kusalimiana na jirani. Lakini nikiwa nimempakia mke wangu tunateremka kwenda kwao, naiendesha taratibu mpaka malori yanatupigia honi, naye ananiuliza mgongoni kama nimelala. Tukifika, mzee hatusalimii kwanza. Anaibana pikipiki kwa mapaja, anatikisa, anainamisha kichwa. Akisikia chwa, chwa, anaitikisa kofia kidogo na kusema karibuni.

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kufuata mbao, nikakaa huko siku kadhaa. Nikamaliza, nikageuza kurudi nyumbani. Mke wangu alinikuta nje nikivua helmeti, nikajifanya hamnazo, nikasema nimekuja taratibu, barabara ilikuwa na ukungu. Yeye akashika usukani kwa mikono miwili, akaitikisa pikipiki kama baba yake, akaweka sikio.

Haikusema kitu.

"Muongo," akasema, akiwa bado ameinama, na nikaona anacheka mpaka kope. "Umelitoa wapi tone la kufikia hapa?"