Filta za Marehemu

Injini ilipowashwa uani asubuhi ile, mama mwenye duka la spea alikuwa anahangaika na kufuli la mlango wa mbele. Akaitika "Abee!" kabla akili haijamrudia. Funguo zikamponyoka. Akasimama kizingitini, mkono kifuani, akisikiliza. Ka-ka-ka-ka, kavu, kama mtu anayekohoa kifua kitupu. Kisha sauti ikalainika, injini ikanguruma vizuri.

Kikohozi kile alikijua. Hivyo ndivyo gari la marehemu mumewe lilivyokuwa likiamka kila siku, na ndivyo lilivyoamka asubuhi ya mwisho, alipolipeleka kulijaribu kwenye barabara ya mlimani, asirudi. Walisema injini ilikwama ghafla kwenye kona ya tangi la maji. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaserereka hadi kwenye miamba.

Tangu hapo gari lilikaa uani chini ya turubai, na yeye akawa anapita upande wa pili wa ua asije akaligusa hata kwa upindo wa nguo. Usiku wa mvua turubai likipigapiga, alijifunika shuka hadi kichwani. Hakumwambia mtu. Mwenye duka akianza kusema mambo ya namna hiyo, wateja huhama.

Lakini binti yake wa pekee alikuwa amerithi mikono ya baba. Alijifunza ufundi kwa baba yake mdogo, mdogo wa marehemu, mwenye gereji ile ile uani, na wote wawili walilifufua lile gari. Walinyoosha bodi, wakafunga krenki mpya, beringi mpya, pistoni mpya, na pampu ya oili yenye nguvu kuliko ile ya zamani. "Humo ndani hakuna hata skrubu moja iliyomjua baba," binti alijisifu. Jumamosi angelipandisha mlima ule ule kwenye mashindano ya magari, apite kona ile ile.

Sasa kama kila kitu ni kipya, nani alikuwa anakohoa?

Mama akaokota funguo, akazunguka uani. Binti alikuwa ameegemea boneti, uso umemchangamka. Shemeji alikuwa anapiga mswaki mlangoni pa gereji.

"Mbona linakohoa?" mama akauliza.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Mbona linakohoa?"

Shemeji akatema povu pembeni. "Injini ya mbio haiamki kama kibiriti, shemeji. Hata wewe asubuhi huanza kwa kunung'unika, ndiyo unachangamka."

"Mimi nanung'unika kwa sababu ya watu wanaotema dawa ya meno uani kwangu."

Binti akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anautazama usukani, kama vile angemwona aliyeushika.

Siku nzima kichwa hakikuwa chake. Mteja aliomba plagi, akampa pedi za breki, yule bwana akazigeuzageuza, akasema, "Mama, hizi zinawasha gari au zinalizima?" Akaomba radhi, akamhudumia upya. Kazi hii hakusomea. Shule aliiacha mapema, akaolewa akijua kushona foronya na kupika. Spea alizijua kwa vidole, kwa kuzipanga na kuzipangua, mumewe akimwita kutoka chini ya gari, "Niletee ile yenye tundu katikati!" naye akiitika na kwenda. Kuendesha hakuwahi.

Alasiri aliingia stoo kutafuta mkanda wa feni, macho yake yakapanda hadi rafu ya juu. Boksi la marehemu lilikuwa pale. Mumewe alinunua filta za oili kwa jumla, nyekundu, zilizotengenezwa kwa magari ya kawaida, akazitumia kwenye gari lake. "Filta ni filta," alikuwa akisema. "Ikifungika mpaka mwisho na isivuje, imekubali." Baada ya msiba mama hakuweza kuziuza wala kuzitupa. Alilifunga boksi kwa kamba.

Kamba ilikuwa imefunguliwa.

Akaketi juu ya debe. Kwa kitambo alidhani alichoogopa kudhani, kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeifungua. Halafu akaona alama za vidole vya grisi kwenye karatasi ya boksi, vidole vyembamba, vya binti. Kumbe ndani ya lile gari jipya kimebaki kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa baba.

Akatoa filta moja, akaipeleka penye mwanga. Akachungulia kwenye vitundu vilivyozunguka mdomo wake. Akachukua nyingine dukani, ya aina wanayoagiza wenye magari ya kasi, akachungulia pia. Katika hii aliona mpira mweusi umelala nyuma ya vitundu, kama ulimi. Akausukuma kwa njiti, ukarudi wenyewe. Ile nyekundu haikuwa na ulimi. Mlikuwa na bati tupu.

Aliwaita wote wawili.

"Kwenye gari lenu filta inakaa vipi? Mdomo juu?"

"Imelala ubavu," binti akasema. "Kwani vipi?"

Mama akazijaza filta zote mbili oili, akaziba tundu la katikati, akazilaza ubavu juu ya sinia mbili, akaagiza chai. Walikunywa chai kwa shida; shemeji alipuliza kikombe kilichokwisha poa. Sinia la filta nyekundu lilikuwa linajaa pole pole, oili ikitambaa nje ya vitundu kama inayomtafuta mtu. Sinia la pili halikuwa na kitu ila matone machache.

"Haya," mama akasema. "Gari likilala, oili yote inarudi chini. Asubuhi mnawasha, pampu inaanza kujaza filta tupu, na huko juu vyuma vinasuguana vikavu. Ndicho kikohozi. Kidogo kidogo, kila siku, mpaka beringi zinaliwa."

"Kaka yangu alikuwa fundi kabla mimi sijaota ndevu," shemeji akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Akaweka kikombe chini. "Nilipoifungua ile injini, beringi zilikuwa zimeisha kama sabuni. Nikasema labda oili ilimwagika kwenye ajali. Sikutaka kuwaza zaidi."

Binti alikuwa amesimama. "Kwa hiyo mnasema baba alijiua."

"Hakuna aliyesema hivyo," mama akajibu.

"Ndicho mnachosema! Mama, kila kitu nimebadilisha. Kila kitu. Hii moja tu nilimwachia yeye. Nilitaka awe na chake humo ndani."

"Naye yumo," mama akasema. "Asubuhi nimemsikia akikohoa. Leo nimemwitikia, mwanangu, kwa mdomo wangu huu. Mtoe."

Binti akageuza uso ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Shemeji, ambaye hakujua kukaa na kilio cha mtu, akainuka akaanza kupekua rafu kwa kelele.

"Basi tuweke hii!" Alishika filta ya lori, nene kama mtungi. "Meno yanaingia, nimeshapima. Itabeba oili mpaka ya wajukuu."

"Ndefu hiyo," mama akasema. " Itaning'inia chini, jiwe moja tu limalize kazi."

"Na hii yenye rangi ya dhahabu? Itapendeza."

"Unaoa au unafunga filta?"

Binti akatoa kicheko ndani ya machozi. Akajifuta kwa kiwiko, akaja mezani. Wakachagua pamoja. Waliitaka yenye ulimi wa mpira laini usiokakamaa kwa joto. Wakaitaka yenye bati nene, maana pampu mpya inasukuma kwa nguvu na bati jepesi lingevimba. Mwisho mama akasisitiza habari ya koki dogo lililo ndani ya filta, linalopitisha oili bila kuchujwa presha ikizidi. Lisiwe jepesi la kufunguka ovyo, la sivyo uchafu wote ungepita wakati gari limekazana mlimani. Ilibaki moja tu, nyeusi, isiyo na urembo.

Binti akaipima uzito mkononi. "Kesho naijaribu mlimani. Na wewe unapanda na mimi."

"Mimi?"

"Kama unaiamini, panda. Kama huiamini, usinifungie."

Shemeji akatazama dari.

Asubuhi mama alipanda. Binti alimkaza mkanda kama mtoto, akawasha. Injini ikashika mara moja, laini, bila kikohozi. Mama alishtuka zaidi kwa kimya kile kuliko alivyowahi kushtuka kwa kelele. Ndani ya gari mlinuka rangi mpya, na chini yake, au labda alijidanganya, jasho la mtu mmoja.

Barabara ikaanza kupanda. Yeye macho yake hayakutoka kwenye geji ya presha ya oili.

"Mama, tazama mbele, geji ni yangu."

"Mbele tazama wewe. Hii ndiyo kazi yangu."

Tangi la maji likatokea, jeupe, peke yake juu ya ukingo. Kwenye jiwe la chini kulikuwa bado na mchubuko wa rangi. Mama alihisi joto nyuma ya shingo, kama pumzi ya mtu aliyeinama kutoka kiti cha nyuma ili aone vizuri. Gari lile halikuwa na kiti cha nyuma, walikuwa wamekitoa. Hakugeuka.

"Nipunguze?" binti akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mshale wa geji ulikuwa palepale.

"Usipunguze."

Binti akakanyaga. Kona ikawavuta ubavuni, matairi yakalia, mshale ukatetemeka kidogo ukasimama, na tangi likabaki nyuma yao.

Juu kileleni binti alifungua boneti, akapitisha kitambaa cheupe kuizunguka filta. Kikatoka cheupe. Akamwonyesha mama, akamkumbatia, mikono yake ikiwa na moto wa injini.

"Jumamosi naingia, mama."

"Ingia." Mama akajitanda nguo yake vizuri. "Sasa wewe teremka na gari. Mimi nakuja kwa miguu."

"Kwa miguu? Mpaka chini? Kwa nini?"

"Nina maneno na baba yako pale kwenye tangi. La filta lazima nimwambie mwenyewe. Hakupenda kusikia habari za gari lake kwa watu."

Binti akamtazama sana, kisha akaingia ndani ya gari. Mama akasimama ukingoni mwa lami akisikiliza injini ikishuka, ikifika kwenye kona, ikipita. Ilipotoweka kabisa, akavua viatu vyake vya kutokea, akavishika mkononi, akaanza kuteremka.