Cherehani Iliyogeuka Giaboksi

Maharagwe ya nyumbani kwetu yalikuwa na ladha ya petroli. Karakana ya Baba ilikuwa nyuma ya jiko, mabati tu yakiwa kati, na kila jioni moshi wa kuni ulikutana hapo na harufu ya grisi na mpira ulioungua, hata mgeni asijue kinachochemka ni chakula au injini. Tuliishi pembezoni mwa Nakuru, upande ambao babu zetu waliletwa na kazi ya reli. Hapo ndipo Baba alipoanzisha timu yake ya mbio za magari, akaiita Timu ya Mvua na Vumbi, kwa kuwa, alisema, hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo Bonde la Ufa humpa dereva bila kumwuliza. Timu nzima ilikuwa watu watatu na gari moja kuukuu. Baba aliendesha. Mjomba Barasa, kaka yake Mama, alikuwa fundi. Mama alikuwa navigeta: alikaa kushoto kwa Baba, akimsomea kona na mashimo kabla hayajaonekana. Hatukuwa na mdhamini. Timu za matajiri zilikuja na malori na mahema. Sisi tulikuja na pikapu ya Mjomba na sufuria ya githeri. Hata hivyo watu wa Nakuru walitupigia makofi kuliko wote, maana mcheza kwao hutunzwa.

Msimu ninaoukumbuka ni ule Baba alipouza cherehani ya Mama. Nilikuwa na miaka tisa. Giaboksi ya gari ilikuwa imekufa, mashindano yamekaribia, na Baba akaichukua ile cherehani Mama akiwa kanisani, akarudi na giaboksi nyingine. Mama alipoona meza tupu hakupiga kelele. Alipangusa vumbi lililobaki mahali pa cherehani, akapika, akatupakulia. Tangu siku hiyo hakumsemesha Baba ndani ya nyumba. Chumvi ikihitajika nilitumwa mimi: "Mwambie baba yako," "Mwambie mama yako," na wote wamekaa meza moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nililala nikiusubiri huo mshindo.

Ajabu ni kwamba Mama hakuiacha timu. Mjomba alimshauri akae nyumbani. "Hizo kona nitasoma mimi, dada."

"Wewe? Wewe hata gazeti unasoma ukifuata na kidole." Kisha sauti yake ikashuka. "Cherehani yangu iko ndani ya hilo gari, Barasa. Haiendi mahali bila mimi."

Na ndani ya gari walizungumza. Kabla ya mashindano walipita njia polepole ili Mama aandike kona, nami nikaruhusiwa kukaa nyuma.

"Kushoto, inabana. Usikate, kuna jiwe."

"Kubwa?"

"Kama kichwa chako."

Baba alicheka, na Mama akatazama dirishani ili asicheke. Nilitamani barabara isiishe. Niliamini, kwa akili ya mtoto, kwamba gari likiendelea kutembea nyumba yetu haitavunjika, kwa hiyo niliiombea giaboksi kama wengine wanavyoombea wagonjwa.

Siku ya mashindano, karibu na Kariandusi ambako udongo ni mweupe kama unga, magari yaliyotangulia yaliacha vumbi likining'inia hewani. Madereva kadhaa walipunguza mwendo, mmoja akaishia mtaroni. Mimi na Mjomba tulikuwa tukingoja mwisho wa sehemu hiyo gari letu lilipochomoza ndani ya weupe ule likinguruma bila kusita. Baba alishuka, kope zimekuwa nyeupe. "Barasa, sijaona kitu! Nimeendesha na masikio tu. Huyu ndiye amenipitisha." Mama alivuta ncha ya leso yake akamfuta vumbi machoni. Nikajua tumepona.

Alasiri, kwenye mlima wa Mau Narok, kati ya mashamba ya ngano, giaboksi ilivunjika. Tulipofika, wakulima walikuwa wamelisukuma gari kando ya njia. Mjomba aliingia chini yake, akatoka akijifuta mikono.

"Shemeji, hii imeenda."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. La kuvunda halina ubani."

"Boss, uza hiyo kitu ununue punda!" kijana mmoja akapaza sauti, watu wakacheka, na Baba akajaribu kucheka nao. Mama alivua helmeti akaiweka kwenye kiti chake. Kamba ya kulivuta ilipokwisha kufungwa, Baba aliketi kwenye usukani wa gari lililokufa, akajinyoosha kumfungulia mlango wa kushoto. Mama aliupita mlango ule, akapanda pikapu ya Mjomba pamoja nami. Njia nzima hakugeuka. Mimi niligeuka mara nyingi, nikamwona Baba nyuma ya kioo akivutwa, ameshika usukani kwa mikono miwili.

Kabla ya shule kufunguliwa Mama alihamia Kitale kwa dada yake. Timu haikushindana tena. Likizo moja nilikuwa kwa Mama, nyingine kwa Baba, na kila mmoja aliniuliza habari za mwenzake, nami nikajibu, "Mzima."

Siku hizi ninauza vipuri mji hadi mji, na kila ninapokuta vijana wakiunda gari la mashindano chini ya mabati, nakaa nao kuliko biashara inavyotaka. Magari yao yana nembo za wadhamini; la kwetu lilikuwa na rangi iliyopakwa kwa brashi. "Kwani mlishinda, mzee?" huniuliza. Hatukushinda. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na watu watatu waliokwenda mahali pamoja na kurudi pamoja, na hilo sijalipata tena, ingawa nimeoa na nina nyumba nzuri, na mimi na mke wangu hatujawahi kununiana hata siku moja. Tunaongea vizuri sana kwa simu. Juzi binti yetu alimpokonya mama yake hiyo simu, akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia leo nalala Olenguruone.

"Sijauliza unalala wapi, Baba. Nimeuliza unakaaga wapi."

Nilimwambia nitampigia baadaye, nikawasha gari.