Siku Bibi Aliponionjesha Mto

Enzi zetu mtoto akipelekwa kutembea alirudi na matope magotini, si na picha mkononi. Nasema hivi kwa upendo, maana juzi Zuhura, binti wa ndugu yangu, amerudi kutoka Meksiko alikokwenda kwa mafunzo ya kazi, akaja hapa Kibiti kunisalimu. Alikuwa pia na ombi lake, nitalifikia. Alinionyesha kwenye simu siku moja aliyotembezwa na wenyeji wake: soko la pilipili za kila rangi, akina mama wanaochoma mikate ya mahindi, na mashua zilizopakwa rangi zikipita kwenye mifereji katikati ya mashamba. Nikamuuliza ile mikate ina ladha gani. Akashusha simu.

"Baba mkubwa, ilipoa wakati naipiga picha."

Tukacheka wote wawili. Lakini ile mifereji ilinirudisha mbali, kwenye siku moja ya Salale ambayo sina picha yake hata moja.

Nilikuwa darasa la tatu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Kibiti yalikuwa yameanza tena kuwa na sabuni na sukari, na sisi watoto tukivaa mitumba yenye maandishi tusiyojua kuyasoma. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Hawa, aliishi peke yake Salale, ndani kabisa ya delta, mto unapokutana na bahari, tangu babu alipofariki. Mama alikuwa amemwomba mara nyingi aje akae nasi. Kila mara alijibu "Inshallah," na kwa namna alivyoitamka mama alijua haji.

Likizo ile mama akanichukua. Juu ya lori la kwenda Nyamisati, kwenye mitumbwi, aliniambia bila kuficha, "Mimi mwanawe ananikatalia. Wewe mumewe hatakukatalia. Hawezi kuzeekea kule peke yake." Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo una haki zake.

Tulifika jioni kwa mtumbwi, maji yakikaribia kugusa ngazi za nyumba. Bibi akanitazama juu hadi chini. "Mume gani huyu anakuja kwa mkewe na kaptula imechanika?"

Kwa haya nikautoa ujumbe wa mama wote mara moja. "Bibi, mama kasema twende ukakae kwetu."

Mama akageukia pembeni. Bibi alicheka mpaka akaketi, kisha akatulia. "Haya. Kesho nakutembeza. Siku moja tu. Ikifika magharibi, ukiniambia twende, nafunga virago."

Asubuhi nilipotoka nje, jua limekwisha panda, mto haukuwapo. Mtumbwi wa jana ulikuwa umelala juu ya tope. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha kanzu kuvuka dimbwi, na kaa wadogo wekundu walitembea chini yake kwa mamia, kila mmoja akinyanyua gando moja kubwa. Mimi mtoto wa mikorosho ya Kibiti sikuwahi kuona jambo kama lile. Nikauliza nani kauchukua mto.

"Umekwenda kuswali," bibi akasema. "Utarudi."

Chini, kwenye mkondo mwembamba uliobaki, akina mama walisimama na ndoo, hakuna aliyechota. Walikuwa wanamngoja bibi. Alishuka na kata yake, akachota, akasukutua, akatema. "Bado."

"Bibi Hawa, watoto wangu hawajanywa chai," jirani yake Mwajuma akalalamika.

"Wape ya chumvi basi. Usiku utawasikia wanavyokuombea."

Akaonja tena, safari hii akameza. "Bismillahi. Choteni." Ndoo zote zikaingia kwa pamoja. Akanipa mimi kata. Yalikuwa maji matamu, baridi, yenye harufu ya majani. Visima vya pale vilikuwa vya chumvi. Bahari ikipwa, mto unateremsha maji yake matamu hadi pale; bahari ikirudi, basi tena. Ukichota mapema au ukichelewa, umeharibu wali wa siku nzima. Wengine walijua kuonja pia, lakini tangu enzi za mama yake bibi hakuna aliyechota kabla ya mtu wa nyumba ile kusema bismillahi.

Tukaenda mashambani. Mpunga ulikuwa umeiva, na kila shamba lilikuwa na dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo watu waliamia ndege wasile mpunga, na kupika na kulala. Kila dungu tulilopita liliita, "Bibi Hawa, huyo mchumba umempata wapi?" naye akajibu kila mara, "Bara, lakini haogi." Walitupandisha, tukala wali mpya na kamba wa nazi. Nilionyeshwa nyayo za kiboko zilizojaa maji, kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga. Kwenye kijito tuliwakuta wanunuzi wa kamba kutoka Dar es Salaam na boti yao ya mashine. Mmoja akanipa kipande cha barafu. Kilikuwa kinatoa moshi, nikadhani kitaniunguza. Nilikifunga kwenye jani nimpelekee mama. Alipolifungua alikuta jani limelowa, akanishukuru hivyo hivyo.

Baada ya alasiri mto ulikuwa umerudi wote, umejaa hadi ngazini, na mikoko imezama mpaka kiunoni. Kibiti tulipanga foleni kisimani tangu alfajiri. Nani wa kwetu angeyaona maji mengi vile akayaacha? Nikachukua ndoo, nikachota, nikajaza mtungi wa bibi uliokuwa nusu.

Bibi alipoonja chai alifumba macho. "Mume wangu kanimiminia bahari ndani."

Hakunigombeza. Alinishika mkono hadi pale pale tulipochota asubuhi, akanipa kata. Chumvi tupu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amekutanisha maji mawili, matamu na ya chumvi, wala hayaingiliani. Nilikuwa nimeyahifadhi kwa ulimi bila kuyajua. Siku ile ulimi wenyewe uliyajua. Nilisimama na kata mkononi, na hadi leo nikisoma aya ile huisikia ile chumvi.

Tuliporudi, habari ilikuwa imetangulia. Mwajuma alikuja na kata ya maji yake matamu, akacheka, akaimimina kwenye mtungi uliokwisha suuzwa. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na utani wake kwa mume wa Bibi Hawa. Mama alikaa mlangoni akiwatazama wakiingia na kutoka, hadi mtungi ukajaa.

Tulipomaliza kuswali magharibi bibi akanigeukia. "Haya, mume wangu. Twende?"

Nikautazama mtungi. "Tukienda, kesho nani ataonja?"

Aliyejibu alikuwa mama. "Ataonja yeye," akasema, akaanza kukunja nguo zetu, zangu na zake tu.

Bibi aliishi Salale hadi Mola wake alipomwita, na alizikwa na watu wengi. Siku hizi boti za mashine ni nyingi na simu zinaita hadi kwenye madungu, alhamdulillahi. Ila mtu anaweza kuvuka dunia na kurudi bila kujua mkate wa huko una ladha gani.

Na ombi la Zuhura? Anataka nihamie kwake Dar es Salaam. Ana chumba, ana feni, anasema siwezi kuzeekea hapa peke yangu. Nimemjibu, "Inshallah." Alinitazama sana. Nimemwambia kwanza anipe siku moja nimtembeze Kibiti, simu aiache nyumbani, na ikifika magharibi aniulize tena.