Ini la Mama

Mama alikuwa akiuza mchele wa Ubaruku sokoni Mbeya. Macho yake yalipogeuka manjano, alisema ni vumbi la pumba. Nilipokwenda kumwona kutoka Iringa, ninakofundisha, nilimkuta amekonda na ubavu wa kulia unamuuma. Vipimo vikaonyesha homa ya ini aliyoibeba miaka mingi bila kujua. Ini lilikuwa limejaa makovu, na ndani yake umeota uvimbe.

Daktari wa upasuaji akatuita, mimi na mdogo wangu wa kiume.

"Nikikata sehemu yenye uvimbe, ini hukua tena," alisema. "Ila linalokua vizuri ni lile zima. La mama yenu limechoka."

"Likishindwa je?" mdogo wangu akauliza.

"Wakati wa kukata nitabana mishipa ya damu kwa muda. Nikiiachia, damu inarudi na oksijeni kwa kishindo, na hiyo oksijeni inaunguza ini. Ini zima linahimili. Lenye makovu, siwezi kuwaahidi."

Mama aliamua mwenyewe. "Wakate," alisema, akafunga ushungi wake vizuri kama anayekwenda harusini.

Alitoka salama chumba cha upasuaji. Akanywa uji, akatutania kwamba sasa amekuwa mwepesi. Tulishangilia mapema mno. Baadaye akaanza kulala mchana kutwa, na akinyoosha mikono inatetemeka. Asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikuwa ameketi kitandani anachota kitu kisichoonekana na kukimimina, anachota na kumimina, kisha akanitazama.

"Mteja, leta mfuko," akaniambia.

Daktari alisema kipande kilichobaki kimeungua na kinasita kukua, na sumu ambayo ini halichuji inapanda kichwani. Akampa dawa ya kumharisha ili sumu itoke. Mdogo wangu alikwenda kusimama nje kwenye ukungu, akagoma kuingia tena wodini.

Halafu, polepole, Mama akarudi. Ishara ya kwanza ilikuwa kuuliza nani analinda duka lake sokoni. Picha ikaonyesha ini limeanza kuongezeka, kidogo sana, na daktari hakutabasamu alipotuonyesha.

Siku ya Mama kuruhusiwa, daktari alitaka sisi watoto tupimwe, kwa kuwa ugonjwa huu mama anaweza kumwambukiza mtoto anapomzaa. Mdogo wangu hakuwa nao. Mimi ninao.

Nilimficha Mama hadi akaniuliza mwenyewe, tukiwa jikoni kwake. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

"Unaumwa popote?"

"Hapana, mama. Sisikii kitu."

"Mimi pia sikusikia kitu," alisema, na hakuniangalia usoni tena jioni ile.

Nimerudi Iringa na vidonge vya kila siku. Likizo ikifika nitampeleka binti yangu, niliyemzaa kabla ya kujua, Mbeya akapimwe. Ameshaanza kufungasha nguo zake kwa furaha; nimemwambia tunakwenda kumsalimia bibi.