Kioo cha Kuazima

Fundi alizilaza simu mbili juu ya kitambaa cheusi, zote zikiwa wazi, na ndani zilikuwa kitu kimoja. Bodi zilifanana kwa umbo na kwa matundu ya skrubu. Waya bapa wa kioo ulikuwa na upana uleule. Kwenye kona ya kila bodi palikuwa na alama ndogo ya kiwanda, duara lenye mistari mitatu, na chini yake herufi zilezile. Tofauti yote ilikuwa kwenye mifuniko, nayo mifuniko ilikuwa imewekwa pembeni kifudifudi.

Kaka yangu aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umebadilisha."

"Nimebadilisha lini, braza? Si umesimama hapo hapo?"

"Nilipokea simu ya mteja kwa hii ya mke wangu. Hapo ndipo umebadilisha."

Ilikuwa asubuhi, kwenye kibanda cha fundi simu Ilomba, nami nilikuwepo. Ningependa kusema kwamba niliona kila kitu. Sikuona. Fundi alipokuwa anafungua simu ya pili, mimi nilikuwa namtazama kaka usoni.

Simu hizo nitaziita tulivyoziita nyumbani, kwa rangi za maboksi yake: Bluu na Nyekundu. Kaka ni mtu wa Bluu. Shemeji yetu, mume wa dada, ni mtu wa Nyekundu. Shemeji anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo na nyumba yake iko Kihesa, Iringa. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi Ilomba. Mimi ni wa mwisho kuzaliwa, na kazi yangu katika familia, tangu utotoni, ni kutumwa.

Sijui ubishi wao ulianza lini. Nilipoanza kuutilia maanani ulikuwa tayari umekomaa. Kila mmoja alikuwa na ushuhuda wake, na aliutoa kama watu wanavyotoa kanisani, kwa mpangilio uleule: nilipokuwa, lililonipata, nilivyookolewa. Simu ya shemeji ilizama kwenye rojo la karatasi kiwandani, ikaopolewa kesho yake, ikaita. Simu ya kaka ililaliwa na mfuko wa saruji. Kaka aliongeza na vitendo. Akibishiwa, aliinyanyua Bluu yake hadi usawa wa bega na kuiachia sakafuni. Ikianguka aliiokota, akaiwasha mbele ya macho ya mbishi, akairudisha mfukoni. Aliuita mtihani.

Walipokutana kwa mama, huko mlimani juu ya jiji la Mbeya, viazi vilipoa mezani.

"Kamwene, shem," kaka alianza, kwa Kihehe chake cha kumchokoza. "Hiyo Nyekundu bado inakaa na chaji, au unatembea na nguzo ya umeme?"

"Inakaa. Yako ndiyo nasikia inalala mapema kama kuku."

"Yangu inapiga picha."

"Ya nani? Juzi umempiga mama, nikadhani ni sista wa misheni."

Mama alipewa simu zote mbili aamue. Aliziangalia kwa zamu. "Huyu mweupe simjui," alisema. "Na huyu mwingine ni marehemu bibi yenu. Mimi nipo wapi?"

Tulicheka sisi wengine. Wao wawili walibadilishana simu, kila mmoja akaanza kuchunguza kasoro kwenye picha ya mwenzake.

Baba alikuwa hai wakati huo, ila alishaanza kuchoka. Siku moja alisema anataka kuzunguka mpaka wa shamba akiwa bado ana miguu. Mpaka wa upande wa chini ulikuwa mstari wa minyaa ambao yeye na mzee jirani waliupanda wakiwa vijana, bila karatasi. Mzee jirani alishafariki, kwa hiyo baba alimwita mwanawe, wakatembea pamoja mnyaa kwa mnyaa, na kaka akawafuata nyuma akirekodi kwa Bluu. Mimi nilibaki nyumbani na mama. Waliporudi, kaka alisema amepata vizuri sana: mzee anaonyesha, jirani anaitikia "ndiyo, mzee" kila baada ya hatua chache.

Shemeji aliomba atumiwe.

"Kwenye hiyo yako?" kaka alisema. "Itaingia imekauka kama karanga. Ukitaka kuiona vizuri njoo uione hapa."

"Nirushie tu, shem. Kwa usalama."

"Usalama upo humu," kaka alisema, akigonga kifuniko cha simu yake.

Shemeji akaona dakika za mwanzo, wakaitwa kula. Nami nilichungulia begani kwake. Nilimwona baba amesimama kwenye mnyaa wa kwanza, kofia mkononi, upepo ukipeperusha koti lake. Hilo ndilo nililoona kwa macho yangu.

Baba alifariki baada ya mavuno ya mahindi. Msimu wa mvua uliofuata jirani alianza kupanda parachichi. Kila mtu huku juu anapanda parachichi sasa, kwa hiyo hakuna aliyestuka. Minyaa iling'olewa michache michache, kwa maelezo kwamba inaficha panya, na mashimo ya miche yakapanda mlima safu tatu ndani ya shamba la mama. Mama alipouliza, alijibiwa kwa heshima kwamba mzee marehemu hakuwa na kumbukumbu nzuri siku za mwisho. Safu tatu hizo ndipo mama anapolima viazi vya kuuza. Sehemu inayobaki ni mteremko na mawe.

Mama alikwenda kwenye baraza la ardhi la kijiji. Mwenyekiti akamwuliza kama ana ushahidi. Mama akasema anao, uko kwenye simu ya mwanawe.

Wiki hiyohiyo kaka alifanya mtihani. Shemeji alikuja kutusaidia kupanga maneno ya barazani, wakabishana, sikumbuki juu ya nini, na kaka akaiachia simu kwenye saruji ya kibaraza. Iliita baadaye, tuliisikia ikiita, lakini kioo kilikuwa cheusi na hakikuwaka tena.

Fundi wa Ilomba alisema bodi ni nzima na video kama ilikuwepo ipo. Tatizo ni kioo, na kioo cha toleo hilo mjini hakipatikani. Aliuliza kama tunamfahamu mtu mwenye Nyekundu ya miaka ileile. Vioo vyake vinaingiliana, alisema, ataazima dakika kumi, simu iwake, tuhamishe video, kila mtu achukue chake. Nilisafiri hadi Kihesa kuchukua simu ya zamani ya shemeji iliyokaa kabatini. Dada aliifunga kwenye kitambaa. Shemeji alisema tu, "Mwambie kaka yako haiumi."

Hivyo ndivyo tulivyofika mbele ya kitambaa cheusi.

"Zinatoka kiwanda kimoja," fundi alieleza. "Sisi mafundi tunajua siku nyingi. Nikiunge?"

"Usiguse," kaka alisema.

"Dakika kumi, braza."

"Nani kakwambia uulizie Nyekundu? Umeongea na shemeji yangu?"

"Simjui shemeji yako."

Kaka alinigeukia mimi. "Mdogo wangu, simu hii ulipoitoa Kihesa uliifungua?"

Nilimwambia sikuifungua. Nilimkumbusha viazi vya mama. Alisema anavikumbuka kuliko mimi, na ndiyo sababu hawezi kuruhusu takataka iingizwe kwenye ushahidi wa mama. Alimwambia fundi afunge. Fundi alifunga taratibu, skrubu moja baada ya nyingine, na nikagundua kwamba nami nilikuwa nazihesabu.

Bluu ile ilinunuliwa Iringa, kwa wakala mwenye karatasi ya dhamana, na kaka akaamua irudi kwa wenyewe. Aliipeleka mwenyewe. Wakala aliipokea, akasema itasafirishwa kwenda kwenye karakana ya kampuni, akampa fomu. Kaka alipitia Kihesa kunywa chai, na kwa kuwa mimi nilikuwa huko kurudisha simu ya shemeji, niliisoma fomu hiyo mezani. Mstari wa tano ulisema kwamba wakati wa matengenezo taarifa zilizomo zinaweza kufutwa, na mteja amekubali. Sahihi ya kaka ilikuwa chini, kubwa na nzuri.

"Umesoma hapa?" nilimwuliza.

"Hayo ni maneno ya simu za watu wengine," alisema. "Hizi hazifutiki ovyo."

Shemeji aliinua kikombe akanywa. Kisha akaivuta fomu, akausoma mstari huo mara mbili. Kaka alipoondoka nilimwuliza shemeji kama aliiona video yote.

"Mimi niliona mwanzo," alisema. "Mzee kwenye mnyaa wa kwanza. Mwisho sijauona. Wewe umeuona?"

"Hapana."

"Mama?"

Mama, nilipomwuliza, alisema siku ile ilipoonyeshwa hakuwa na miwani, alisikia tu sauti ya baba ikisema "hapa." Mara ngapi, hakumbuki. Nilimwuliza kaka kwa simu kama aliwahi kuiangalia hadi mwisho. Akaniuliza siku hizi nalipwa na nani. Ninaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Ninajua pia kwamba simu yake ilikuwa ikijaa picha za mabati na misumari ya dukani, na kwamba alikuwa akifuta vitu vikubwa ili ipumue, bila kuvikagua. Hilo alinieleza mwenyewe zamani, akijisifu jinsi Bluu inavyorudi kuwa nyepesi.

Wiki mbili zilizopita nilipanda kwa mama. Kwenye njia nilimkuta jirani akimwagilia miche kwa ndoo. Tulisalimiana vizuri. Aliniuliza habari za Iringa, ingawa sikuwa nimemwambia nilikwenda Iringa. Halafu akauliza, "Ile simu imepona?"

Nilimwambia bado. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hizi simu za siku hizi hazina maana, yeye anatumia ya tochi. Niliondoka nikiwataja moyoni watu waliojua habari za simu ile: mama, kaka, dada, shemeji, fundi, wakala, mwenyekiti, mimi.

Shauri limeahirishwa mara mbili. Mwenyekiti amesema Ijumaa hii anasikiliza na kumaliza, ushahidi uwepo usiwepo. Mama ameosha gauni lake la kanisani na kulianika.

Siku tisa zilizopita kaka alipata ujumbe kutoka kwa wakala. Aliniita dukani kwake niusome, kwenye simu ya kuazima ya mke wake. Ulikuwa na maneno machache: simu yako iko tayari, njoo na fomu. Nilimwambia basi la alfajiri lingemrudisha siku hiyohiyo. Alisema kesho. Kesho yake alisema anasubiri mzigo wa mabati. Halafu ikawa mvua, halafu ikawa mgongo. Nilimwomba fomu niende mimi, kwa kuwa kutumwa ndiyo kazi yangu. Alisema fomu iko mahali salama.

Leo ni Jumatano. Bado hajaenda.