Mahali pa Kutia Sahihi

Mume wa dada yangu kambini wanamwita Darubini. Kwa miaka ishirini aliwaonyesha wageni chui juu ya miti ambayo mimi, na ujana wangu wote, niliona majani tu. Maringo alikuwa nayo, sikatai. Sasa hatua ishirini mbele yake ni ukungu mtupu, na hata maandishi ya karibu humpotea. Daktari alisema mshipa wa jicho unakufa na dawa ya kuufufua hakuna. Tunaojua ni yeye, dada, na mimi dereva wake. Dada aliniapisha jikoni kwake, mwiko mkononi: "Ukifungua mdomo wakamfukuza, mdogo wangu, usinijue tena."

Kwa hiyo tunadanganya. Garini yeye husimama, kichwa nje ya paa, nami nagonga mlango: mara moja kushoto, mara mbili kulia. Asubuhi ile niligonga mara mbili, naye akanyoosha mkono kwa madaha. "Simba! Pale kichakani!" Wageni, mtu na mkewe na binti yao mdogo, wakashangilia. Nilicheka kimoyomoyo, ingawa niliona aibu.

Kazi ipo mtoni. Mchana mimi huyohuyo ndiye nahodha, nakaa nyuma na injini, yeye mbele, na kwa kelele ile hata ugonge ngoma hasikii. Huwa najipitia katikati ya mto, mbali na kila kitu. Siku hiyo binti, aliyekaa mbele karibu naye, akauliza vile vyeusi ukingoni ni nini.

"Mawe hayo," shemeji akajibu, kisha akanigeukia na kupaza sauti. "Hebu sogea, shemeji, ndege hupenda kutua hapo."

Mawe yalikuwa na masikio. Nikapunguza injini.

"Shemeji, tusiende huko."

"Sogea bwana! Tangu lini unanifundisha kazi?"

Nilikuwa bado nageuza mashua tuondoke pale kiboko mwenye mtoto alipoibuka ubavuni, mashua ikainuka upande mmoja. Binti akaanguka nje, baba yake akamdaka mguu na kumrudisha ndani. Nikafungulia injini mpaka mwisho, tukachomoka. Sikupunguza hadi gatini.

"Niliona mawe," shemeji aliniambia tuliposhuka. "Naapa niliona mawe."

Walionimaliza ni wageni. Hofu ilipowatoka walikwenda kwa meneja kumsifu: hawajawahi kupata mwongozaji jasiri kama yule, anayekupeleka hadi puani pa kiboko! Meneja akafurahi kupita kiasi. Askari wa matembezi alikuwa mgonjwa, basi kesho alfajiri Darubini atawaongoza wageni wale kwa miguu, yeye mbele na bunduki.

Nilimvuta shemeji pembeni kabla hajaingia ofisini. "Kataa. Sema mgongo unakuuma."

"Kesho mgongo. Keshokutwa niseme nini?"

Akaingia. Nikabaki mlangoni, nikimwona dada na mwiko wake, nikimwona na yule binti akining'inia mguu mmoja. Kumwokoa huyu ni kumwangamiza yule. Nilitamani meneja agundue mwenyewe, aniondolee mzigo.

Meneja akaweka fomu ya bunduki mezani, akampa kalamu, kisha akageukia simu iliyokuwa ikiita. Shemeji akainama. Kalamu ikazunguka juu ya karatasi, haijui pa kutua. Akainua uso kuelekea mlangoni, akinitafuta.

Nikaingia, nikamwekea kidole kwenye mstari. Akatia sahihi.